Negativu za baba ndani ya makopo ya biskuti

Msomaji wetu wa Old Moshi ameandika hivi:

"Shikamoo mzee. Baba yetu alikuwa mwalimu na mpenzi wa kamera, alitutoka mwaka jana. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake tulikuta makopo mawili ya biskuti yamejaa negativu, zile filamu za kamera zenye picha iliyogeuka, peusi panakuwa peupe. Nyingi ni zile nyembamba za kawaida, nyingine ni pana za mraba. Kaka yangu aliyeko Uingereza amenitumia skana ndogo ya nyumbani, ile ya kisanduku chenye kioo juu. Kwenye boksi wameandika megapikseli 22. Nimejaribu wiki nzima. Picha za rangi zinatoka za bluu, za nyeusi na nyeupe zimejaa vitone vyeupe, na zile za mraba haziingii kabisa. Mama anasema makopo yananuka, nikimaliza nizichome. Je, ninunue skana kubwa zaidi? Na ni kweli nizitupe?"

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba.

Usinunue chochote bado, na tafadhali usichome chochote. Kisanduku alichokutumia kaka yako kina kazi kubwa ya kukufanyia, ila si ile iliyoandikwa kwenye boksi lake. Nitafika huko. Nianze na harufu, maana hiyo haingoji.

Peleka makopo barazani penye hewa, fungua moja, unuse kwa mbali. Kama harufu ni kali ya siki, kama kachumbari iliyolala, basi kinachooza ni plastiki yenyewe ya mkanda. Mikanda mingi ya zama za baba yako ilitengenezwa kwa aseteti, na aseteti ikizeeka hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Asidi hiyo ikifungiwa ndani huchochea uozo uende mbio zaidi, na mvuke wake huharibu mikanda jirani iliyokuwa mizima. Ndiyo maana kopo la bati lenye mfuniko wa kubana ni makazi mabaya. Mkanda mpya wa aseteti ukitunzwa kwenye nyuzi joto 21 na unyevu wa 50% huchukua takriban miaka 40 kabla ya kuanza kunuka. Sasa pima mwenyewe: Moshi mjini joto hupita hapo siku nyingi za mwaka, na huko kwenu juu kuna nafuu ya joto lakini masika yake unayajua. Uozo huo hautibiki, unacheleweshwa tu. Zenye harufu ya siki zitenge na nyingine leo hii, kila kipande kwenye bahasha yake ya karatasi, bila kufungia hewa. Hizo ndizo zitakazotangulia kuskaniwa, kabla hazijasinyaa na kujikunja kiasi cha kutolala bapa.

Kama harufu ni ya nguo zilizosahaulika sandukuni, huo ni ukungu, yaani kuvu. Ukiinua negativu kwenye mwanga utaona nyuzinyuzi zilizotawanyika kama mizizi. Hapa naomba unisikilize vizuri. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi hii, hapa Arusha, niliwahi kuosha kwa maji negativu za harusi zilizoota ukungu. Sikujua kwamba kuvu hula jelatini, ule utando unaobeba picha, na kwamba jelatini iliyokwisha kuliwa huyeyuka ikikutana na maji. Picha ilibanduka mikononi mwangu kama utando wa maziwa, bibi harusi akaenda na maji ya beseni. Familia ile haikuwa na picha nyingine ya siku hiyo. Kwa hiyo negativu yenye ukungu isiguswe na maji kabisa. Ikaushe kivulini mahali pasipo na unyevu, vaa barakoa, ipanguse nje ya nyumba kwa brashi laini isiyokuwa na kazi nyingine. Kukiwa na haja ya zaidi ya hapo, tumia alkoholi ya isopropili ya 99% kwa pamba, upande wa plastiki kwanza, kidogo kidogo. Ile ya 70% inayouzwa kwenye maduka mengi ya dawa ina maji ndani yake, usiitumie. Spiriti ya rangi ndiyo kabisa usiikaribishe. Na zilizogandana, ziache zilivyo. Usivute.

Ukishatenga, rudi kwenye kisanduku.

Hizo megapikseli 22 zisikusumbue akili. Visanduku vingi vya aina hii ndani yake vina kamera ndogo tu, mara nyingi ya megapikseli 14 hivi, inayopiga picha ya negativu iliyowashiwa taa kwa nyuma. Kufika 22, programu hutengeneza pikseli za kujazia kati ya zile za kweli. Faili linakuwa kubwa, lakini hakuna hata ukope mmoja wa mtu ulioongezeka. Tena hivi visanduku hujiamulia vyenyewe mwanga na rangi, kisha hukupa faili la JPEG lililokwisha kubanwa, na kilichotupwa hapo hakirudi. Lakini vina sifa moja ambayo skana kubwa hazina: vinafanya kazi upesi. Mkanda wa fremu sita, yaani picha sita, unaupitisha kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Basi kitumie kuhesabia. Pitisha mikanda yote myembamba, hata kama rangi ni mbaya, hata kama kuna vumbi. Zile za mraba zilaze juu ya kishikwambi au simu iliyofunguliwa ukurasa mweupe mtupu, uzipige kwa simu nyingine, na ugeuze rangi kwa programu yoyote ya kuhariri picha. Usihangaikie ubora. Unachotafuta ni kujua baba yako alipiga nini, na muhimu kuliko hilo, unatafuta kitu cha kumwonyesha mama.

Nasema hivi kwa uchungu. Mjomba wangu wa Machame aliacha mikanda kama hii. Niliichukua, nikaifanyia kazi miezi mingi, fremu moja moja, kwa ubora wa juu kabisa niliouweza wakati ule. Nilipomaliza, shangazi aliyewajua watu wote wale alikuwa ameshapoteza kumbukumbu. Leo nina picha safi ya vijana wanne wamesimama mbele ya lori la kahawa, naweza kukuhesabia vifungo vya mashati yao, na hakuna mtu duniani anayeweza kuniambia hata mmoja wao anaitwa nani. Negativu zilingoja miaka 50. Shangazi hakuweza kungoja miezi minane.

Kwa hiyo kaa na mama. Washa kinasa sauti cha simu, weka picha kwenye televisheni kwa waya au kwa flashi, mwache aseme. Usimuulize "huyu nani" kama karani wa sensa. Muulize siku ile ilikuwaje, majina yatakuja yenyewe, na ugomvi wa shamba utakuja, na nani alikuwa anamchumbia nani. Atataja kipaimara cha fulani, atakumbuka gauni. Mpe picha 20 au 30 kwa siku, si zaidi, wazee huchoka. Wewe andika namba ya fremu pembeni ya kila jina.

Namba hizo zipo tayari, hazihitaji kubuniwa. Tazama ukingo wa mkanda kwenye mwanga: utaona 1, 1A, 2, 2A na kuendelea, pamoja na jina la mtengenezaji. Ukiweza kuyasoma maandishi hayo sawasawa, basi upande unaokutazama ni ule wa plastiki unaong'aa, na picha iko upande wa pili uliofifia. Hapo ndipo watu wengi hukosea, wanaskani mkanda ukiwa chali na bango la duka linasomeka kinyume.

Kingo hizo pia ni kalenda. Mkanda ulioandikwa ILFORD FP4 hauwezi kuwa wa kabla ya 1968, na HP5 hauwezi kuwa wa kabla ya 1976, kwa sababu haikuwapo sokoni. Na vipande vilivyokatwa na fundi wa studio vinaweza kuunganishwa tena: fuata mfuatano wa namba, linganisha ncha zilizokatwa, utapata mkanda mzima wa fremu 36 ulivyotoka kwenye kamera. Mama akikumbuka tarehe ya fremu ya 12, umepata kipindi cha fremu zote 36. Kwa kazi hii hata fremu mbaya, iliyotikisika au yenye kidole mbele ya lenzi, ina thamani. Usiiruke.

Baada ya hapo ndipo useme zipi zinastahili kazi nzito. Kwenye makopo mawili yaliyojaa, tuseme fremu 600, nadhani utaishia na 80 au 100. Hizo ndizo za kutolea jasho.

Sasa maswali yako ya ufundi.

Ubluu. Tazama negativu ya rangi kwa macho: yote imetandazwa rangi ya chungwa, hata kwenye ukingo usiokuwa na picha. Si uchakavu, iliwekwa kiwandani kwa makusudi. Rangi za ndani ya mkanda si kamili, kila moja hunyonya kidogo mwanga usio wake, na lile tabaka la chungwa lipo kusahihisha kosa hilo wakati wa kuchapisha kwenye karatasi. Ukigeuza negativu bila kuondoa chungwa, kinyume cha chungwa ni bluu, na ndiyo hiyo unayoiona. Angalia kwanza menyu ya kisanduku: mara nyingi kuna chaguo tatu, yaani negativu ya rangi, negativu ya nyeusi na nyeupe, na slaidi. Kikiwa kwenye chaguo lisilo lake, rangi haziwezi kutoka sawa. Kama chaguo ni sahihi na bado ni bluu, basi mkanda umefifia kwa umri au kisanduku kimekadiria vibaya. Dawa yake ni kuskani ukiacha ukingo mtupu wa mkanda uonekane, kisha kwenye kompyuta uionyeshe programu ukingo huo iujue kama chungwa tupu. Darktable ni programu ya bure na ina sehemu maalumu ya negativu inayofanya hivyo hasa. Ina ugumu wake siku za mwanzo, lakini jioni mbili zinatosha kuizoea.

Vitone vyeupe kwenye nyeusi na nyeupe. Vumbi likikaa juu ya negativu huzuia mwanga. Picha ikigeuzwa, palipozuiwa mwanga panatoka peupe. Kumbuka kanuni hii itakusaidia: doa jeupe kwa kawaida ni uchafu juu ya mkanda na linaweza kuondoka, doa jeusi ni mahali ambapo utando wa picha umechubuka, na hilo haliondoki kwa kupangusa. Vumbi lipulizwe, lisifutwe. Usipulize kwa mdomo, mate yataruka. Ile pampu ndogo ya mpira ya kunyonyea kamasi za mtoto, mpya, kutoka duka la dawa, ndiyo ninayotumia mimi hadi leo. Usifute kwa fulana hata ikiwa ya pamba namna gani. Funga madirisha, piga deki chumba kwa kitambaa kibichi nusu saa kabla, zima feni. Mwezi wa pili na wa tisa, vumbi linapokuwa kila mahali, mimi hufanya kazi usiku tu, magari yakishatulia.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Skana kubwa husifiwa kwamba huondoa vumbi zenyewe kwa miale ya infraredi. Ni kweli, kwa mikanda ya rangi: rangi za mkanda hupitisha infraredi kana kwamba hazipo, kwa hiyo kinachoonekana kwenye miale hiyo ni uchafu peke yake. Lakini picha ya nyeusi na nyeupe ya kawaida imeundwa kwa chembe za fedha, na fedha huzuia infraredi sawa na vumbi. Mashine itaona picha nzima ni uchafu, itaanza kufuta macho na nywele za watu. Ukiskani nyeusi na nyeupe, zima kitu hicho. Usinunue skana kwa sababu yake kama sehemu kubwa ya makopo ya baba ni nyeusi na nyeupe.

Za mraba. Chukua rula ya mwanafunzi upime upande wa picha yenyewe. Ikiwa milimita 28, ni mkanda wa kamera rahisi za kibweta zilizoanza 1963. Huo una upana uleule wa milimita 35 na unaweza kupita kwenye kisanduku chako, ila kitakata juu na chini. Ikiwa 56 hivi, ambayo nadhani ndiyo hali yako, ni mkanda wa 120, unaotoa picha 12 za mraba, uliotumika kwenye kamera za lenzi mbili kama Rolleiflex na Yashica-Mat, zile za kutazamia kwa juu ukiwa umeinamisha kichwa. Mwanangu, hizo ndizo hazina ya baba yako. Eneo la picha yake ni zaidi ya mara tatu na nusu ya ile nyembamba. Nimeona mkanda wa 120 wa darasa zima la shule ambapo ungeweza kusoma alichoandika mwalimu ubaoni.

Kwa hizo kisanduku hakina msaada, na hapa ndipo swali la kununua linapoingia. Njia ya kwanza haina skana. Ukimpata ndugu au mpiga picha mwenye kamera nzuri ya dijitali na lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, mna studio. Mnahitaji mwanga mweupe uliotandaa sawasawa: kishikwambi kinafaa, lakini negativu isilale juu ya kioo chenyewe, vinukta vya skrini vitaonekana. Iinue sentimita tatu hadi tano, na katikati weka kipande cha plastiki nyeupe ya maziwa, ile ya mabango ya taa. Mafundi wa mabango hapa mjini hukata vipande vya mabaki kila siku. Kata kadibodi nyeusi yenye tundu la ukubwa wa picha ili mwanga wa pembeni usiingie. Seremala atengeneze nguzo ya kushikia kamera ikitazama chini. Kujua kama kamera imelala sawa, weka kioo cha kujitazamia mahali pa negativu: lenzi ikijiona katikati ya picha yake yenyewe, umepata. Zima taa za chumba, tumia kipima muda ili kidole kisitikise kamera, piga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. Njia hii inashinda skana nyingi za nyumbani, na gharama yake ni vifaa ambavyo mtu fulani wa karibu yako anavyo tayari.

Njia ya pili ni skana bapa yenye taa kwenye mfuniko, na hapo neno "yenye taa kwenye mfuniko" ndilo la kushika, kwa sababu skana za ofisini za kunakili vyeti hazina. Epson Perfection V600 inachukua za mraba na nyembamba pia. Imeandikwa nukta 6,400 kwa inchi, lakini ikipimwa kwa haki hutoa kama 1,600 za kweli. Usishtuke, fanya hesabu: picha ya mraba ya milimita 56 kwa nukta 1,600 inakupa takriban pikseli 3,500 kila upande, inayotosha kuchapisha safi sentimita 30 kwa 30. Ya mkanda mwembamba itakupa uchapishaji wa kama sentimita 13 kwa 19, ambao kwa ukuta wa sebule nyingi unatosha. Ukitaka zaidi kutoka kwenye nyembamba, kuna skana maalumu kama Plustek OpticFilm 8200i, inayozidi nukta 3,000 za kweli, lakini hiyo haitakuchukulia za mraba hata moja. Kwa makopo yako, kama ni lazima kununua, ni bapa. Iliyotumika haina neno. Skana nyingi za zamani ambazo kompyuta za sasa zimezikataa huamka zikipewa programu ya VueScan. Kama kaka yako anataka kusaidia tena, mwambie atafute huko Uingereza, na kabla hajalipa ahakikishe vishikio vya plastiki vya kulazia mikanda vipo. Skana bila vishikio vyake ni mzigo.

Ukiwa na skana bapa, chagua nukta 2,400 kwa inchi kwa zile za mraba na 3,200 kwa zile nyembamba. Ukipandisha zaidi unajaza diski bure. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyotupa kitu kama JPEG, biti 16 kwa kila rangi. Nyeusi na nyeupe iskani kama kijivu, biti 16. Fremu moja nyembamba ya rangi kwa kipimo hicho ni kama megabaiti 82, ya kijivu kama 27. Fremu zako 100 zinaingia kwenye flashi ya kawaida. Zima kila kinachojiita kuboresha, kung'arisha au kunoa. Hayo utafanya baadaye kwenye nakala. Na weka UPS, hata ndogo, maana umeme ukikatika katikati ya fremu unarudia yote.

Kuna kosa moja la picha za kwetu ambalo vitabu vya nje havilitaji. Baba yako, kama kila mwenye kamera aliyewahi kuishi Uchagani, bila shaka aliwapanga watu na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nyuma yao. Kwenye negativu, theluji ndiyo sehemu nyeusi kuliko zote, nzito, mwanga unapita kwa shida. Skana inayojiamulia mwanga itaangalia nyuso za watu, na mlima utatoka doa jeupe lililoungana na mawingu. Ukaona hivyo usidhani baba alikosea. Theluji imo, inahitaji mwanga mwingi zaidi. Skani fremu hiyo mara mbili, ya pili ukiwa umeongeza mwanga mpaka nyuso ziharibike na mlima utokee, halafu uziunganishe kwenye kompyuta. Inafaa kuhangaika, kwani barafu ya Kibo ilipungua kwa takriban 85% kati ya 1912 na 2007. Picha yenye mwaka unaojulikana na mpaka wa barafu unaoonekana haitakuwa ya familia yenu peke yenu.

Majina ya mafaili yawe ya kudumu: kopo, mkanda, fremu, kwa mfano A-07-12, kisha mwaka kama unajulikana. Usitegemee tarehe ya kompyuta, hiyo ni ya siku uliyoskani, na mjukuu atadhani bibi yake alipata kipaimara mwaka huu. Majina ya watu yaandikwe ndani ya faili lenyewe, sehemu ya maelezo, na pia kwenye daftari la karatasi. Nakala tatu: moja kwako, moja kwenye diski ya nje nyumbani kwa ndugu mwingine, ya tatu kwa kaka Uingereza. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama hati; ukituma kama picha wataibana na kazi yako yote itapotea njiani.

Na sasa kuhusu kuchoma. Hapana. Faili ni tafsiri ya negativu, iliyofanywa na mashine ya mwaka huu na macho yako ya mwaka huu. Miaka kumi ijayo mtu ataitafsiri vizuri zaidi, mradi yenyewe ipo. Hata yenye siki, maadamu bado inalala bapa, itunze, mbali na nyingine. Tafuta vifuko vya polipropilini au bahasha za karatasi isiyo na asidi; epuka ile plastiki laini yenye harufu ya mapazia ya bafuni. Ziweke kwenye kabati la ukuta wa ndani, si darini kwenye joto la mabati, si sakafuni, na si kwenye friji, kwa sababu umeme ukienda na kurudi jasho la friji litaziotesha ukungu upya. Mwambie mama kwamba kitakachoondoka nyumbani ni kopo tu.

Ila kabla ya kulitupa kopo lenyewe, geuza mfuniko na utazame ndani, na uchunguze kila kikaratasi na bahasha ya studio iliyobaki chini. Watu wa umri wa baba yako walikuwa na tabia ya kuandika humo tarehe kwa penseli. Vipige picha vyote, pande zote mbili.